Maswali Yenu kwa Mafundi: Simu ya Leo, Redio ya Gari ya Juzi

Ujumbe mwingi uliotufikia safari hii unahusu jambo moja: gari ni zima, spika zinalia vizuri, ila redio ilitengenezwa kabla simu hazijaanza kubeba nyimbo. Kabla hujapanda gari kwenda Kariakoo kununua chochote, tunakuomba ukae kwenye kiti cha dereva uikague redio yako. Je, ina tundu dogo la duara lililoandikwa AUX? Ina tundu la USB? Ina mlango wa kaseti? Karibu na mlango wa CD pameandikwa MP3? Na FM yake inaishia namba ngapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kifaa cha kununua. Wasomaji wengi wameshanunua vifaa viwili vitatu ambavyo redio zao haziwezi kuvitumia, na hela hiyo inatuuma. Sisi tunafuata mpangilio mmoja: waya ukiweza kufika, tumia waya. Kurusha muziki kwa mawimbi ni kwa redio isiyo na mlango mwingine wowote.

Corolla yangu ya mwaka 1996 ina redio ya kaseti na FM basi. Nimenunua ile kaseti yenye waya wa kuchomeka kwenye simu. Nikiiingiza, redio inageuza upande, inageuza tena, kisha inaitema. Fundi anasema redio imekufa. Ni kweli? – Msomaji, Tabata

Usiitupe kwanza, ndugu yetu. Kwenye deki, ile mashine ya kaseti ndani ya redio, kuna kihisi kinachoangalia kama magurudumu ya kaseti yanazunguka. Yakisimama kwa sekunde chache, deki inaamini kanda imefika mwisho, hivyo inageuza upande. Ikikuta hali ni ileile, inatema. Kaseti yako ya waya haina kanda ndani, kwa hiyo magurudumu yake mawili yameunganishwa kwa meno madogo ya plastiki ili deki ikizungusha moja, la pili nalo lifuate. Meno hayo yakiwa mazito au yakikwama, ndipo unapata mchezo huo unaouona.

Jaribu hivi. Chukua kalamu ya wino yenye pembe 6, itie kwenye gurudumu moja la kaseti, zungusha polepole. Gurudumu la pili linatakiwa kwenda laini, bila kukwama wala kukwaruza. Likiwa zito, legeza skrubu za kaseti robo mzunguko kila moja, ujaribu tena. Kaseti nyingi za bei ndogo zimekazwa kupita kiasi kiwandani na ganda linabana meno. Ukitaka kulainisha, tone moja la mafuta ya silikoni linatosha. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukusanya vumbi, usiyaguse.

Likiwa laini na bado inatemwa, angalia waya unatokea wapi. Ukibanwa na kifuniko cha mlango, kaseti inainuka kidogo na haikai sawasawa mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma kanda. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya kupeleka mbele na kurudisha nyuma; kwenye deki nyingi za zamani hiyo ndiyo namna ya kubadili upande, na kaseti za waya nyingi zinalia vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Mwisho, tia kaseti ya kawaida yenye kanda. Nayo ikitemwa, tatizo ni la deki, na mara nyingi ni mkanda wa raba ndani uliolegea kwa umri. Mkanda huo unabadilishwa.

Sauti ikitoka lakini imefifia kama iko chini ya blanketi, hedi ni chafu. Lowesha pamba kwenye kijiti kwa spiriti ya duka la dawa, futa hedi na kile kijipini cha chuma kinachovuta kanda mpaka pamba itoke bila weusi, subiri dakika 5 pakauke. Zima pia kitufe cha Dolby kama kimewaka, maana kinakata sauti nyembamba ambazo muziki wa simu unazihitaji. Sauti ya simu iweke kama asilimia 80, nyingine uongeze kwenye redio.

Nina IST. Nimenunua kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara kinachorusha muziki wa simu kwenye FM. Nyumbani kinalia, nikifika mjini stesheni zinaingilia. Redio yangu inaishia 90. – Dada wa Mbagala

Dada, namba hiyo 90 ndiyo kiini cha tatizo. Redio nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zinapokea FM kuanzia 76 hadi 90, wakati huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Kidude chako nacho kinarusha ndani ya 87.5 hadi 108. Sehemu ambayo kidude na redio vinakutana ni kuanzia 87.5 hadi 90 tu, yaani upana wa 2.5, na kwa Dar es Salaam hapo ndipo walipo Clouds kwenye 88.5 na Wasafi kwenye 88.9. Redio ya FM haichanganyi sauti mbili zilizo kwenye namba moja. Inamshika mwenye nguvu na kumwacha mnyonge. Kidude chako kina nguvu ndogo mno. Nyumbani kinashinda, ukisogea karibu na mnara kinamezwa.

Hatua ya kwanza ni kutafuta namba iliyo wazi kwa subira. Chomoa kidude, pitisha redio polepole kuanzia 87.5, tafuta mahali penye ule mchakacho wa "shhh" ulio sawasawa. Penye kimya au sauti ya mbali pana mtu. Kisha sogea 0.2 juu na 0.2 chini, napo pawe wazi. Rudia zoezi hilo sehemu tatu za safari yako, mathalani Mbagala Rangi Tatu, Tazara na Posta, kwa sababu palipo wazi Mbagala si lazima pawe wazi mjini.

Kama hupati, suluhisho ni eksipanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kinateremsha namba. Ubavuni kimeandikwa kinateremsha kwa kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ukichukua cha 12, stesheni iliyo 93.7 utaipata kwenye 81.7, na redio yako itafika mpaka 102 za huku. Ukichukua cha 20, utapata za kuanzia 96 hadi 108, na 93.7 hutaisikia kabisa. Hakuna eksipanda moja itakayokupa zote: redio ina upana wa 14, FM yetu ina upana wa 20.5. Chagua kulingana na stesheni unazozipenda.

Ikishafungwa, kidude chako kinapata uwanja mpana. Kwa eksipanda ya 12, ukikiweka 96.3 redio unaiweka 84.3. Epuka kutumia namba za redio zinazozidi 87, kwa sababu stesheni zenye nguvu za 88 hupenya moja kwa moja bila kupita kwenye eksipanda. Waya mwekundu wa eksipanda uungwe kwenye umeme unaowaka ufunguo ukiwa ACC, yaani redio inawaka kabla ya injini, mweusi kwenye ethi, yaani hasi inayoshika bodi ya gari. Mwekundu ukilegea, stesheni zote zinapotea kwa pamoja, na watu wanakimbilia kubadilisha antena bure.

Nikiunganisha simu kwa waya wa AUX sauti ni safi. Nikichomeka chaja, unaanza mluzi "wiiiii" unaopanda nikikanyaga mafuta. Nimebadilisha waya mara tatu. – Msomaji, Kigamboni

Hili ndilo swali tulilolipokea kwa wingi kuliko yote, na tunalijibu kwa kirefu kwa sababu watu wanapoteza hela nyingi kwenye waya ambao hauna kosa.

Alteneta, jenereta ya gari, inazalisha umeme wa kupanda na kushuka, kisha dayodi zake zinaunyoosha. Haunyooki kabisa; yanabaki mawimbi madogo, na kadiri injini inavyozunguka haraka ndivyo mawimbi hayo yanavyokuwa ya haraka. Ndiyo maana mluzi unafuata mguu wako. Sasa, simu ikiwa kwenye chaja na kwenye AUX kwa wakati mmoja, hasi yake ina njia mbili za kurudi kwenye bodi ya gari: moja kupitia chaja na tundu la kiberiti, nyingine kupitia waya wa AUX na redio. Sehemu hizo mbili za bodi hazina volti sawasawa kabisa. Tofauti ni ndogo sana, lakini inasukuma mkondo ndani ya waya wako wa muziki, na redio inaukuza kama inavyokuza wimbo.

Kabla ya kununua kitu, pima. Muziki ukilia na injini ikiwaka, chomoa chaja kwenye simu: mluzi ukikatika palepale, ni mzunguko huo wa ethi. Thibitisha kwa kuichaji simu kwa pawabenki isiyogusa umeme wa gari. Isipopiga mluzi, umepata uhakika. Sasa chomoa waya wa AUX kwenye simu lakini uuache kwenye redio. Mluzi ukiendelea, simu haihusiki, angalia ethi ya redio yenyewe. Na ukipunguza sauti ya redio mpaka sifuri mluzi ukabaki vilevile, unaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye amplifaya ya pembeni au waya zake.

Tiba ya haraka ni ile pawabenki. Tiba ya pili ni kichuja mluzi cha AUX: kiboksi kidogo chenye jeki upande mmoja na tundu upande wa pili, ndani kina transfoma mbili ndogo, moja ya kushoto na moja ya kulia. Muziki unavuka kwa sumaku bila waya kugusana, hivyo hasi ya simu na hasi ya redio zinaachana. Kinakaa kati ya simu na redio. Kile kingine cha kukaa kwenye waya wa umeme ni kitu tofauti, na kwa tatizo lako hakisaidii. Ujue tu kwamba vichuja vyenye transfoma ndogo sana hukata bezi. Ukifunga na bezi ikawa nyembamba, punguza sauti ya simu kidogo kwanza. Ikibaki nyembamba, badilisha kichuja.

Tiba ya kudumu ni ethi. Hapa pwani chumvi ya hewa inakula boliti, na Kigamboni mnaijua kuliko sisi. Vuta waya mweusi wa redio na hasi ya tundu la kiberiti uzilete kwenye boliti moja nyuma ya dashibodi, kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane cheupe, kaza kwa spana namba 10, kisha paka grisi juu yake baada ya kukaza. Boliti iliyokazwa juu ya rangi inaonekana imeshika, lakini umeme haipitishi ipasavyo.

Kama baada ya yote hayo mluzi upo, na taa za dashibodi zinapepesa, kapime alteneta. Injini ikiwaka, betri isome volti 13.8 hadi 14.4 kwenye DC, alama ya umeme ulionyooka. Kisha weka mita kwenye AC, alama ya umeme wa kupanda na kushuka, palepale kwenye betri: ikisoma zaidi ya 0.5, dayodi imekufa. Tahadhari moja kuhusu mita za bei ndogo: baadhi zikiwekwa AC hudanganywa na DC. Geuza nyaya za mita, nyekundu ikae kwenye hasi. Kama upande mmoja inasoma karibu 30 na mwingine sifuri, mita hiyo haifai kwa kipimo hiki.

Ule mlio wa "di-di-di, di-di-di" unaotangulia simu kuita si mluzi huu. Ni simu yenyewe ikizungumza na mnara. Sogeza simu mbali na waya wa AUX kama sentimita 30, utaisha.

Shikamoo kwenu mafundi. Mjukuu wangu kaniunganishia simu na redio. Vyombo nasikia, lakini mwimbaji hayupo, yuko kama kisimani. Nyimbo zote. – Mzee wa Magomeni

Sisi ndio tunaokupa shikamoo, mzee wetu. Jeki haijaingia mpaka mwisho. Ndani ya waya kuna njia ya kushoto, ya kulia na hasi ya pamoja. Hasi isiposhika, spika inapokea tofauti ya kushoto na kulia tu, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Zinabaki gitaa na vinanda vya pembeni.

Mwambie mjukuu avue kava la simu kisha achomeke tena. Kava nene linazuia jeki kwa milimita moja au mbili, na hizo zinatosha kumpoteza mwimbaji. Kama hilo ndilo, atanue tundu la kava kwa kisu au anunue waya wenye shingo nyembamba. Lisipokuwa hilo, aitazame jeki: yenye mistari 2 ya plastiki ndiyo ya muziki wa kawaida, yenye mistari 3 ina njia ya maikrofoni, na baadhi ya redio za zamani haziipokei vizuri.

Kwa wenye simu zisizo na tundu la jeki: vile viunganishi vifupi vya USB-C viko vya aina mbili. Kimoja ni waya mtupu, kinategemea simu itoe sauti yenyewe. Kingine kina chipu ndani ya kubadili muziki wa kidijitali kuwa sauti. Simu nyingi zinataka hicho cha chipu, na kwa macho vinafanana kabisa, kwa hiyo kijaribu kwenye simu yako dukani kabla ya kulipa.

Redio yangu ina USB, lakini flashi ya GB 64 haisomi, inaandika ERROR. Flashi ya rafiki yangu inasoma. – Msomaji, Sinza

Redio nyingi za zamani zinasoma mpangilio wa FAT32 tu, na flashi za GB 64 zinauzwa zikiwa na exFAT. Tafuta flashi ya GB 8, 16 au 32, uifomati FAT32 kwenye kompyuta, ukikumbuka kufomati kunafuta kila kitu. Windows kwa kawaida haikupi FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32, hivyo usihangaike na hiyo kubwa.

Kisha angalia nyimbo zenyewe. Faili ikiishia na .m4a au .flac, redio ya zamani inaweza kuiruka au kukwama hapo. Zigeuze ziwe MP3 za kbps 192 au 320. Kwa 320, wimbo wa dakika 4 unachukua takriban MB 9.6, kwa hiyo GB 8 inabeba kama nyimbo 800. Usizirundike zote sehemu moja. Redio nyingine zina kikomo cha faili kwa kila folda, kwa hiyo weka nyimbo zisizozidi 99 kwa folda, na usitie folda ndani ya folda. Na usishangae nyimbo zikifuata mpangilio uliozinakili badala ya alfabeti. Ukitaka ziende kwa mpangilio, futa zote, unakili moja moja kwa zamu unayoitaka.

Naendesha Coaster ya Gongo la Mboto. Redio ni ya volti 12, fundi kaichukulia umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Inalia vizuri, ila betri moja kila mara inakufa kabla ya mwenzake. Na juzi konda kachomeka simu kwenye chaja na AUX, waya ukatoa moshi. – Dereva

Dereva, chomoa hiyo redio leo, kabla ya ruti ya jioni. Coaster nyingi za dizeli zinatumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Alteneta inazichaji kwa pamoja kama betri moja, mkondo uleule unapita kwenye zote. Inayolisha redio inatoa zaidi lakini inarudishiwa sawa na mwenzake, hivyo haijai kamwe. Ya pili inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Unaua betri mbili kwa redio moja.

Moshi una sababu yake, na ni ya hatari. Inaelekea fundi alichukua betri ya juu, ile ambayo hasi yake iko volti 12 juu ya bodi ya gari. Redio ikifungwa hivyo kwenye ubao, isiguse bodi, inalia bila shida. Lakini chaja ya simu hasi yake iko kwenye bodi. Simu ilipounganisha chaja na AUX, volti 12 za betri zilipata njia ya kupita kwenye waya mwembamba wa muziki. Simu ingeweza kuungua mkononi mwa konda.

Nunua kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12. Tazama fyuzi nyuma ya redio: ikiwa ya ampea 10, chukua kibadilisha cha ampea 10 au zaidi, ikiwa 15, chukua 15. Kilishwe na waya unaokatika ufunguo ukizimwa, kwa sababu kinakula umeme hata redio ikiwa kimya, na fyuzi ikae upande wa 24, karibu na betri iwezekanavyo. Waya wa njano na mwekundu wa redio vyote viungwe kwenye 12 inayotoka hapo. Redio itasahau stesheni ukizima gari, na hiyo ni gharama ndogo. Chaja ya simu iwe imeandikwa 12–24V. Ya 12 peke yake itaungua.

Nimetoa betri ya Noah kubadilisha, sasa skrini ya navigesheni imejaa Kijapani na herufi ERC. Ilikuwa ikilia CD tu, sijawahi kupata AUX. Niitupe? – Msomaji, Kimara

Skrini nyingi za Toyota zilizotoka Japani hujifunga zikikatiwa umeme, ili mwizi asifaidike nazo. Kuchomoa na kurudisha betri hakusaidii. Inafunguliwa kwa kodi, yaani namba ya siri, inayolingana na skrini hiyo moja, na anayekutafutia kodi atahitaji herufi za ERC zilivyo. Zipige picha badala ya kuziandika kwa mkono, maana sifuri na O zinafanana, na 1 na I vilevile. Msomaji mwingine mwenye skrini ya namna hiyo aulize kwanza kabla spana haijagusa betri.

Ikifunguka, usiitupe kabla ya kuangalia nyuma yake. Nyingi zina njia iliyoandikwa VTR, iliyowekwa kwa ajili ya video, na sauti ya simu inapita hapo bila kinyongo. Ikiwa na matundu matatu, nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia, njano iache. Ikiwa ni tundu moja la jeki, tumia waya wa mistari 3 unaoishia kwenye plagi tatu. Ukisikia mkoromo upande mmoja, badilisha njano na nyekundu. Mpangilio wa nyaya hizo haufanani kwa kila mtengenezaji, na kubadilisha huku hakuharibu kitu. Kisha chagua VTR kwenye skrini. Picha itazimwa gari likitembea, sauti itaendelea.

Ukiamua kufunga redio mpya, usikubali plagi za gari zikatwe. Kuna nyaya za kati zenye plagi ya Toyota ya pini 10 na ya pini 6 upande mmoja. Unaunga zile za redio upande wa pili na gari linabaki kama lilivyotoka. Rangi za Toyota ni hizi: buluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi. Spika ya mbele kulia ni kijani hafifu na buluu, mbele kushoto ni waridi na zambarau, nyuma kulia nyekundu na nyeupe, nyuma kushoto nyeusi na njano. Ya kwanza kutajwa ni chanya. Kwenye redio mpya njano ni ya kudumu, nyekundu ni ACC, nyeusi ni ethi. Angalia mtego uliopo: nyekundu na nyeusi za Toyota ni spika, za redio mpya ni umeme. Anayeunga rangi kwa rangi anaunguza redio siku hiyohiyo. Thibitisha kila waya kwa mita kabla ya kuunga.

Upana nao upime. Redio ya kawaida ya uso mkubwa ni milimita 180 kwa 100, na nafasi ya Toyota nyingi ni 200. Milimita 10 zinazobaki kila upande zinazibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, na nyaya za njano za mifuko ya hewa usizipime wala kuzisogeza.

Najifunza ufundi redio Temeke. Nimefunga bodi ndogo ya Bluetooth na MP3 ndani ya redio ya zamani ya mteja. Ya kwanza iliungua, ya pili inalia kwa mkwaruzo mkali. – Fundi mwanafunzi

Ya kwanza soma ilichoandikwa. Bodi nyingi ni za volti 5, na gari likiwaka linatoa mpaka 14.4. Ukitumia 7805, ile chipu ya kushusha volti hadi 5, hesabu joto: volti 9.4 zinazopotea mara ampea 0.3 ni karibu wati 2.8, kwa hiyo ifunge kwenye bamba la alumini, si kuiacha ikining'inia. Bodi iliyoandikwa 12V inaweza kupokea umeme wa gari moja kwa moja, ila weka fyuzi ya ampea 1.

Mkwaruzo unatokana na mahali ulipounga. Kama uliunga kwenye waya za hedi ya kaseti, pale redio inategemea sauti ndogo sana, kwa hiyo inaikuza mara nyingi na kuitilia bezi. Sauti ya bodi ni kubwa mno kwa mlango huo. Fuata njia mpaka kwenye kidhibiti cha sauti, uunge kabla yake, kila upande kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10, chanya ielekee upande wenye volti kubwa zaidi. Pima pande zote mbili kwa DC kwanza ujue ni upi. Ethi ya bodi iunge kwenye ethi ya sauti karibu na kidhibiti hicho, kwa waya mfupi.

Usiache sauti ya deki na ya bodi zikiwa zimeungwa pamoja, moja italazimika kusukuma nyingine. Weka swichi ndogo yenye njia mbili, pande mbili, ichague kaseti au Bluetooth. Tundu la kuipitisha litoboe ubavuni kwa redio, mbali na bodi ya saketi, na utoe vumbi la chuma kwa brashi kabla ya kuwasha.

Mlango wa redio yangu umeandikwa MD. Naweza kupata kaseti ya waya ya kuingia humo? – Dada, Mwananyamala

Hapana, dada. MD ni diski ndogo inayosomwa kwa mwanga, haina hedi ya sumaku ya kudanganya. Angalia nyuma kama pana VTR au AUX. Pasipokuwa na yoyote, njia yako ni FM, na maelezo ya dada wa Mbagala hapo juu yanakuhusu yote.